Laini ya kibinafsi mpaka klaudi: ni kweli haina haja ya kusimbwa?

kijana_wa_shimanzi (mwenye uzi)

Wadau salaam. Naomba mniazime akili.

Natunza mitambo ya kampuni ya wakala wa forodha hapa Shimanzi. Tangu zamani kila kitu kilikaa chumba kimoja: seva ya mafaili, hifadhidata ya wateja, programu ya ankara. Sasa mdosi ameamua hifadhidata na nyaraka ziende klaudi, yaani seva za kukodi za AWS (Amazon) huko Cape Town. Programu yenyewe yabaki hapa, maana imefungamana na printa, skana na mashine nyingine za kale ambazo hakuna anayethubutu kuzigusa.

Tukaita watu wa laini. Muuzaji akaja, akachora ubaoni: mstari kutoka Shimanzi hadi Nairobi, Nairobi hadi klaudi, haugusi intaneti ya watu wote. Nikamuuliza, na usimbaji je, yaani kuifumba data isisomeke njiani? Akanijibu, "Laini ni yako peke yako, wasimba nini?" Mdosi akacheka kwa raha. VPN, yaani njia iliyosimbwa, ilikuwa kwenye bajeti, akaona pesa imerudi mfukoni.

Mimi roho haijatulia. Tunavyobeba ni PIN za KRA (namba za kodi), nakala za vitambulisho na pasipoti za watu wanaoagiza magari Japani, bili za shehena, ankara. Nimkazie mdosi au nashikilia kitu kisicho na maana?

---

Makupa_Kozwei

Mkuu, muuzaji hajakosea sana. Laini ya MPLS (mtandao wa kukodi wa mtoa huduma) imetengwa na za wateja wengine, na mjini hapa zipo ofisi kibao zimeitumia miaka na mikaka bila kusimba chochote. Ukiongeza IPsec (handaki linalosimba kila kinachopita) wajitafutia kazi: funguo za kutunza, ruta yenye nguvu zaidi, na siku handaki likianguka meli iko gatini, atakayepigiwa simu ni wewe, si yule wa suti. Mimi ningeiacha TLS ya programu (usimbaji ulio ndani ya programu yenyewe) ifanye kazi yake, nikalale.

---

binti_mvita

@Makupa_Kozwei hapo mwisho umesema neno zito kuliko ulivyokusudia. Nitalirudia. Kwanza la muuzaji.

Kutenga ni jambo moja, kusimba ni jingine. MPLS na VLAN (kugawa swichi moja iwe kama mitandao tofauti) hubandika alama kwenye pakiti ili swichi ijue hii ni ya nani na yaenda wapi. Ndani ya pakiti hakuna kilichobadilika. Yeyote mwenye mkono kwenye kifaa kimojawapo njiani, awe fundi wa mtoa huduma, mtu wa kandarasi, au mwizi aliyepata nenosiri la swichi, aweza kunakili trafiki yako kwenye poti nyingine na kuisoma yote. Kontena hata likipita barabara yenye mageti bado hutiwa lakiri, na hilo nyinyi wa forodha mwalijua kuliko mimi.

Wala hii si nadharia. Oktoba 2013 gazeti la Washington Post lilifichua mradi ulioitwa MUSCULAR: NSA ya Marekani na GCHQ ya Uingereza walikuwa wakinasa trafiki kwenye laini zinazounganisha vituo vya data vya Google na vya Yahoo. Hizo zilikuwa laini za kibinafsi kwelikweli, na data ilipita humo wazi. Baada ya habari kutoka, kampuni hizo zikaharakisha kusimba kila kitu baina ya vituo vyao. Najua hakuna jasusi wa Marekani anayetafuta bili ya shehena yako. Lakini hoja ya "laini ni yetu" ilishajaribiwa na wenye laini kubwa kuliko ya muuzaji wako, ikafeli.

Hata wenye klaudi hawafichi. Direct Connect, laini ya kibinafsi ya AWS, haisimbi trafiki kwa kawaida yake, wala ExpressRoute ya Azure, klaudi ya Microsoft. Yote yameandikwa kwenye nyaraka zao. Mwambie muuzaji akuoneshe palipoandikwa kinyume.

Atakutajia MACsec (IEEE 802.1AE). Ni kitu kizuri, ila husimba baina ya kifaa na kifaa kinachokifuata, basi. Tena kwa Direct Connect hupatikana kwenye poti kubwa za kukodi nzima, 10 Gbps kwenda juu. Hata ukiipata, kwako itafanya kazi kule ambako vifaa vya mtoa huduma vinagusana na vya klaudi. Shimanzi mpaka huko, pakiti bado ziko uchi. Achana nayo.

Kilichobaki ni viwili, na wavitaka vyote: IPsec juu ya laini, na TLS ndani yake.

Sasa la Makupa, "TLS ya programu ifanye kazi yake". Yaifanya? Kuna mtu ametazama? Hifadhidata ni ipi?

---

kijana_wa_shimanzi

PostgreSQL, dada. Programu iliandikwa na jamaa ambaye siku hizi yuko Doha. Kwenye mpangilio wa muunganisho kuna anwani, jina na nenosiri, mengine hakuna. Neno ssl silioni popote.

---

binti_mvita

Ndicho nilichokihofia. Maktaba ya kawaida ya PostgreSQL upande wa mteja, usipoiambia kitu, hutumia `sslmode=prefer`. Maana yake hujaribu kusimba. Seva ikikataa, huendelea wazi bila kusema neno. Mtumiaji hajui, programu haijui, wewe hujui.

`require` ni nafuu: inasimba, lakini kwa kawaida haikagui cheti (kitambulisho cha seva), kwa hiyo mtu akijiweka katikati na cheti chake mwenyewe mambo yanaenda. Unayoitaka ni `verify-full`, pamoja na faili la cheti cha mamlaka iliyotia sahihi. Hapo mteja hukagua cheti na pia jina la seva.

Upande wa seva nako usitegemee hiari ya mteja. Kwenye pg_hba.conf andika `hostssl` badala ya `host`. Kama ni RDS (hifadhidata inayotunzwa na AWS), kuna kigezo `rds.force_ssl`, kiweke 1. Kisha tazama wanaoingia wazi:

`SELECT datname, usename, ssl, version FROM pg_stat_ssl JOIN pg_stat_activity USING (pid);`

Ukiona `f` kwenye safu ya ssl, huyo anapita wazi. Na ukiona version ni TLSv1 au TLSv1.1 pia mtafute, hizo zilistaafishwa rasmi Machi 2021 (waraka wa viwango RFC 8996).

Swali la kuwauliza wote, muuzaji, mdosi na jamaa wa Doha, ni moja: usimbaji unaanzia wapi na unaishia wapi? IPsec yako itaanzia kwenye ruta ya ofisi na kuishia kwenye lango la klaudi. Kutoka seva mpaka ruta hapo Shimanzi, na kutoka lango mpaka hifadhidata kule Cape Town, IPsec haipo. Vipande hivyo viwili hubebwa na TLS. Watu wengi husimba kilomita elfu kadhaa za baharini, halafu mita kumi za ofisini wakaziacha wazi kwenye swichi ambayo hata mgeni wa WiFi yuko ndani yake.

---

Makupa_Kozwei

Sawa dada, la `prefer` nimelikubali, nilikuwa silijui. Lakini kama TLS ni `verify-full` mwanzo hadi mwisho, IPsec ya nini tena? Si ndiyo kusimba mara mbili?

---

binti_mvita

Ingekuwa hifadhidata peke yake ningekaribia kukubaliana nawe. Lakini tazama vinavyopita kwenye laini ya ofisi halisi: maswali ya DNS, seva ya mafaili inayopeleka nakala usiku, logi za syslog kwenye UDP 514, mashine ya kale inayoongea FTP. Hivyo vyote hutavimaliza kimoja kimoja mwaka huu. IPsec inavifunika vyote kwa pamoja, pamoja na vile usivyojua kuwa vipo. TLS inalinda pale ambapo IPsec imekoma. Kila moja ina kazi yake.

---

faiba_na_chumvi

Mimi ni fundi wa uwanjani, Changamwe, Miritini, mpaka Mariakani. Wakubwa wamesema ya kanuni, nami niseme ya mikono, maana najua hili litakukuta.

Mteja fulani alifungiwa IPsec vizuri kabisa. Handaki juu, ping yaenda, mtu anaingia kwenye programu, orodha ya makontena yatokea. Akibonyeza kufungua manifesti ya kurasa nyingi, skrini nyeupe. Yazunguka tu. Faili dogo lafunguka, kubwa lakwama. Wakalaumu klaudi, wakalaumu faiba, wakabadilisha mpaka kebo.

Kilichotokea: pakiti ya kawaida ya Ethernet ni baiti 1500. IPsec huongeza vichwa vyake, kadiri ya baiti 50 hadi 80 kulingana na mpangilio. Pakiti iliyojaa haienei tena. Ruta inatakiwa irudishe ujumbe wa ICMP kumwambia mtumaji "punguza", lakini kuna mtu alifunga ICMP yote kwenye faiwoli kwa kudhani anaongeza usalama. Mtumaji hasikii kitu, anarudia pakiti ile ile kubwa, inamezwa tena.

Pima hivi kutoka kwenye Linuksi ya ofisini:

`ping -M do -s 1372 10.20.0.15`

1372 pamoja na vichwa vya IP na ICMP ni 1400. Ikipita panda, ikikwama shuka, mpaka ujue kipimo cha handaki lako. Kisha bana MSS (kikomo cha data ndani ya pakiti moja ya TCP) kwenye ruta:

`iptables -t mangle -A FORWARD -p tcp --tcp-flags SYN,RST SYN -j TCPMSS --set-mss 1360`

Azure wenyewe hushauri 1350, na mifano ya AWS huwa na 1379. 1360 kwangu imekaa vizuri karibu kila mahali. Na ile ICMP ya "fragmentation needed" ifungulie, haina ubaya wowote.

Jingine dogo: weka ruta ndani ya kabati lililofungwa. Chumvi ya Shimanzi hula viunganishi vya faiba mpaka ukaona aibu kumpigia mteja simu.

---

kijana_wa_shimanzi

Hii ya skrini nyeupe nimeinakili kabisa. Ahsante kaka.

Vipi kuhusu mipangilio ya IPsec? Ruta yetu ina orodha ndefu ya kuchagua, mpaka 3DES naiona humo.

---

binti_mvita

3DES, SHA-1, IKEv1 na kundi la Diffie-Hellman namba 2: usiviguse. Kundi namba 2 ni la biti 1024, zama zake zimepita. Chagua IKEv2 (mapatano ya funguo), AES-256-GCM (usimbaji wenyewe), kundi 19 au 20 (14 ndiyo sakafu), na PFS iwe imewashwa, ili ufunguo mmoja ukivuja usifungue mazungumzo ya jana na juzi. Ufunguo wa pamoja uzalishwe na mashine, mrefu, usiwe jina la kampuni na mwaka. Au tumia vyeti.

Kwenye faiwoli ruhusu UDP 500 na UDP 4500, na protokali namba 50, yaani ESP, inayobeba pakiti zilizosimbwa. Ukiwa nyuma ya NAT (vifaa vingi kutumia anwani moja ya nje), ESP huvikwa ndani ya 4500, kwa hiyo hiyo 4500 ndiyo itakayobeba mzigo.

VPN ya AWS hukupa mahandaki mawili kwa muunganisho mmoja, kila moja kwa kawaida hadi 1.25 Gbps. Yafunge yote mawili. Wakifanya matengenezo huangusha moja, na aliyefunga moja ndiye huja humu kulia. Na ndiyo, VPN hiyo yaweza kupita juu ya Direct Connect yenyewe, hulazimiki kuchagua kimoja ukaacha kingine.

---

Makupa_Kozwei

Mbona hakuna aliyetaja WireGuard, VPN ile nyepesi? Faili la mistari kumi, umemaliza.

---

binti_mvita

Naipenda. Imo ndani ya Linuksi tangu toleo 5.6 la Machi 2020, na haina orodha ya kuchagua, kwa hiyo hakuna 3DES ya kukutega. Ila malango ya VPN yanayotunzwa na AWS na Azure wenyewe huongea IPsec. Ukitaka WireGuard itakubidi usimamishe seva yako kule klaudi, uitie viraka, uiwekee mwenzake wa akiba. Kwa ofisi yenye mtu mmoja wa IT, mimi ningempa lango la kukodi akapumue. Mwenye timu, na afanye atakavyo.

---

mzee_wa_seva

Nimewasoma wote, mwasema vyema. Lakini hakuna aliyeuliza: laini ikikatika?

Nawakumbusha. Februari 2012 meli ilitia nanga palipokatazwa hapa hapa nje ya bandari yetu, ikakata kebo ya TEAMS. Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, kebo za baharini EASSy na SEACOM zilipata hitilafu pamoja, upande wa kusini huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikajikokota. Klaudi ya kijana wetu iko Cape Town, maana yake upande huo huo.

Siku kama hiyo ofisi hufanya nini? Ruta yahamia laini ya akiba, modemu ya 4G au Starlink. Sasa nisikilizeni. Kama laini kuu ilikuwa "ya kibinafsi, haina haja ya kusimbwa", na ya akiba ikawekwa na mtu mwingine siku nyingine kwa haraka, ile ile data iliyolindwa na hoja ya muuzaji sasa inapita kwenye intaneti ya watu wote. Hakuna taa itakayowaka. Wafanyakazi watafurahi kuwa "mtandao umerudi".

Kijana wangu, fanya mambo matatu. Handaki la IPsec liwe kwenye laini zote mbili, kuu na akiba. 4G na Starlink mara nyingi hukuweka nyuma ya NAT ya mtoa huduma, na anwani yabadilika, kwa hiyo huko tumia cheti. AWS hailazimishi anwani ya kudumu ukitumia cheti. Halafu weka njia ya kumeza:

`ip route add blackhole 10.20.0.0/16 metric 1000`

Handaki likiwa juu, njia yake yenye metric ndogo ndiyo itatumika. Likianguka, pakiti za klaudi hufia hapo hapo ofisini badala ya kutafuta mlango mwingine. La tatu: chomoa kebo kuu wewe mwenyewe, Jumamosi jioni ofisi ikiwa tupu, uone kinachotokea. Usingoje nanga.

---

kijana_wa_shimanzi

Mzee wangu, shikamoo. Hapo kwenye akiba umenigonga kichwani. Modemu ya 4G tunayo, na hakuna chochote juu yake.

---

mzee_wa_seva

Marahaba. Basi anza na hiyo.

---

wakili_wa_kizingo

Nachungulia tu humu, mitambo siijui, lakini mmegusa vitambulisho na pasipoti. Huu si ushauri rasmi, kwa huo nenda kwa wakili wako.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 41, yamtaka anayedhibiti data aweke hatua za kiufundi za kuilinda, na usimbaji umetajwa humo kwa jina. Kifungu cha 43: data ikivuja na kukiwa na hatari halisi ya madhara kwa wenyewe, wamjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72, na wenye data nao wajulishwe. Mdosi wako asome kifungu hicho mpaka mwisho, kwani kinasema kuwajulisha wenye data kwaweza kusilazimike ikiwa kulikuwa na ulinzi ufaao, na mfano wanaoutoa ni usimbaji. Yaani pakiti zilizosimbwa zikiibwa, huenda hutawapigia simu wateja wako mmoja mmoja. Zikiibwa wazi, utawapigia.

Na kwa kuwa data yatoka nje ya Kenya kwenda Afrika Kusini, kifungu cha 48 nacho chahusika: uwe na la kumwonesha Kamishna kuhusu ulinzi uliouweka. Mchoro wa muuzaji ubaoni hautatosha. Faini yaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliopita, ile iliyo ndogo.

---

Makupa_Kozwei

Wakili umemaliza kazi. Mdosi hasomi RFC, lakini shilingi anazisoma.

---

kijana_wa_shimanzi

Wadau, narudi na mrejesho.

Sikuanza na sheria. Nilimkalisha mdosi mbele ya kompyuta, nikaomba poti ya kioo (inayonakili trafiki) kwenye swichi yetu wenyewe, nikawasha tcpdump, programu ya kutazama pakiti:

`tcpdump -ni eth1 -A port 5432`

Nikamwambia karani afungue faili la mteja yeyote. Jina la mteja likapita kwenye skrini, na PIN, na namba ya chasisi ya gari. Mdosi akaniuliza, "Hii waitoa wapi?" Nikamwambia, kwenye waya. Akanyamaza kidogo, akauliza ruta ni pesa ngapi.

Tumefunga mahandaki mawili, IKEv2, AES-256-GCM, kundi 20. Nikitega upande wa nje kwa `tcpdump -ni eth0 not esp and not udp port 4500` sioni pakiti yoyote ya klaudi, zote zimo ndani ya ESP. MSS 1360, manifesti zafunguka. Hifadhidata ni `verify-full` na `rds.force_ssl`. Jumamosi tulichomoa kebo kuu: 4G ikachukua, handaki likapanda, nje hakikuonekana kitu cha kusomeka.

Kimebaki kitu kimoja kinachoniuma. Skana yetu hupeleka nyaraka klaudi moja kwa moja, na TLS yake ni 1.0 tu. Hifadhi ya klaudi imeikataa. Mtengenezaji hana toleo jipya.

---

binti_mvita

Hongera. Skana usiibembeleze. Mpe VLAN yake peke yake, ipeleke kwenye seva ndogo ya Linuksi iliyo kabati moja nayo, na kwenye seva hiyo weka stunnel au nginx itakayopokea kwa skana na kutoka nje kwa TLS 1.3. Faiwoli imruhusu skana kuongea na seva hiyo tu, intaneti asiione kabisa. Maadamu kipande cha TLS 1.0 hakivuki mlango wa kabati, utaishi nacho mpaka skana ife.

---

faiba_na_chumvi

Na kwa hali ya hewa ya Shimanzi haitachelewa.

---

Makupa_Kozwei

@kijana_wa_shimanzi ruta mlichukua ipi, na yafikisha ngapi ikiwa imewasha AES-256? Nami kesho naonana na mdosi wangu, na laini yetu ni ya muuzaji huyo huyo.